Ile Chupa Tuliyoita Dawa

Jumamosi, tarehe tano, mwezi wa saba. Manyunyu tangu asubuhi, jua halikuonekana hata dakika moja, na baridi ile ya Julai inayoingia kwenye mifupa bila kubisha hodi. Stima ilipotea kabla sijamaliza kutandika vitanda.

Naandika leo leo, kabla jambo hili halijalala. Nimeona kwamba nikilala nalo usiku mmoja, naamka nikiwa na haki zaidi kuliko nilivyokuwa jana yake.

Kwanza nieleze hizo nywele. Mtoto ninayemlea hapa Lavington, mtaa wa wenye pesa Nairobi, ana miaka minane, na nywele zake sikuwahi kuona mfano wake kule kwetu magharibi. Si kipilipili, maana kipilipili nakijua, nimekibeba kichwani mwangu miaka arobaini. Si singa pia. Kila unywele unajiviringa peke yake kama springi ya kalamu, halafu ukiugusa ukiwa mkavu unakasirika, unaachana na wenzake, unafura. Kichana kikipita mara tatu, mtoto anakaa kama amevalishwa godoro lililopasuka. Alizitoa kwa babake. Baba mwenyewe hunyoa upara na anafanya kazi Juba, kwa hiyo hasumbuliwi.

Mama mtoto ameandika sheria za nywele kwenye karatasi, akaibandika ndani ya mlango wa kabati la bafu. Mimi nilifika darasa la nane. Kusoma sheria si shida, shida ni kuzifuata. Usichane nywele zikiwa kavu. Anza nchani, upande pole pole. Tumia vidole kwanza, halafu kichana cha meno mapana. Usikaushe kwa taulo, kausha kwa fulana kuukuu ya pamba. Taulo kumi zimekunjwa kabatini, nene kama mkate, na mimi nahangaika na fulana ya baba iliyotoboka kwapani! Nilipouliza sababu, mama mtoto aliniambia taulo hukwaruza nywele zikafumuka. Sikuamini. Siku moja akiwa hayupo nikajaribu taulo, na zikafumuka kweli. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba ile karatasi husema kweli.

Basi kila Jumamosi ni saa mbili nzima. Mtoto juu ya kigoda, mimi nyuma yake na chupa ya kupulizia maji.

"Auntie, unanichana!"

"Si ndiyo kazi, kukuchana?"

"Hapana, unanichana kama karatasi!"

Kiswahili nacho hakina huruma, kutumia neno moja kwa vyote viwili. Mimi najitahidi nisimuumize, lakini sijui kama najitahidi vya kutosha. Kuna wakati mgongo ukiuma navuta kidogo zaidi ya inavyotakiwa. Niseme ukweli.

Mwisho wa yote ni ile chupa nyeupe. Ndani yake mna krimu ya kulainisha nywele na kuzishika zisifumuke. Mtoto akiwa mdogo aliiogopa, alidhani ni dawa ya kikohozi kwa sababu chupa zinafanana, na tangu hapo nyumba nzima tunaiita dawa. "Ametiwa dawa?" "Ametiwa." Hapa ndani haina maana nyingine. Lakini nje ya geti hili, Nairobi yote, mwanamke akitaja dawa ya nywele anasema ile kali ya kunyoosha, ambayo ikishika nywele imeshika, hakuna kurudi nyuma. Nililijua hilo. Nimeitumia mwenyewe miaka mingi.

Na mama mtoto haitaki kabisa. Siku yangu ya kwanza hapa aliinua nywele zake nyuma ya sikio akanionyesha kovu, laini, ukubwa wa kidole gumba, mahali pasipoota kitu. Dawa ilimchoma akiwa na miaka tisa. "Mengine yote tutasameheana," aliniambia, "lakini hiyo kitu isiguse kichwa ya mtoto wangu mpaka awe mkubwa ajiamulie. Tumeelewana?" Nikasema tumeelewana. Nikaapa kabisa, na hakuwa ameniomba niape.

Sasa ya leo. Mama mtoto alikuwa Kisumu kwa kazi tangu Alhamisi, arudi jioni. Shosho, yaani mama yake yeye, amekuwa akikaa nasi. Stima ilipopotea, maji ya moto yakaisha, nami nikajiandaa kuchemsha sufuria kwa gesi. Shosho akakataa.

"Na hii baridi? Umloweshe kichwa, halafu akaukie wapi? Unataka nimonia?"

Nikasema sitaki nimonia, tungoje stima irudi. Akasema stima haingojwi kama mgeni. Kuna saluni yake ya miaka mingi kule tauni, katikati ya jiji, wana jenereta, maji ya moto na mashine ya kukausha, twende tumalize. Alikuwa na haki, na mimi moyoni nilifurahi. Saa mbili za mgongo nilikuwa nimesamehewa. Nikaweka chupa nyeupe kwenye mfuko wangu, nikatoka na haraka zangu.

Saluni yenyewe iko ghorofa ya tatu, jengo moja upande wa barabara ya Tom Mboya. Msusi alikuwa msichana mwenye rasta za buluu hadi kiunoni. Alipomvua mtoto kofia alipiga mluzi.

"Mrembo, hii nywele yote ni yako ama umeazima?"

"Ni yangu," mtoto akasema, "lakini kama unataka nakupea."

Akamwosha vizuri, siwezi kumlaumu hapo. Maji aliyapima kwa kiwiko kwanza. Lakini nikaona ameshika kichana cha meno membamba, cha kugawia mistari, na nikakumbuka kwamba kile kipana nilikiacha kwenye sinki nyumbani. Nikamwambia angoje, nikimbie chini ninunue kingine. Na nikiwa mlangoni nikamgeukia shosho.

"Shosho, akimaliza kumsuuza, mwambie amtie dawa. Iko kwa mfuko."

Hayo ndiyo maneno yangu, neno kwa neno. Sikuongeza, sikupunguza.

Kibanda cha kwanza hakikuwa nacho. Cha pili kilikuwa na vichana vyembamba tu, na mwenyewe akanishawishi kwa bidii kwamba meno yakilowa hupanuka. Cha tatu nikapata. Nilidhani nilikawia dakika kumi. Pengine ishirini, nisijipendelee.

Nilijua nikiwa bado kwenye ngazi. Ile harufu inayochoma pua haisahauliki. Niliingia nikakuta msusi amevaa glavu, mtoto ameinamisha shingo, na krimu nyeupe imepakwa kisogoni, mahali pa kutosha kiganja changu.

"Hiyo ni nini?"

"Si ndiyo dawa?" msusi akasema.

"Osha! Osha sasa hivi!"

Nilipiga kelele, nakiri. Mama mmoja aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha alitoa kichwa ili asikie vizuri. Msusi hakubishana, alimkimbiza mtoto kwenye sinki akamsuuza na kumsuuza, huku akijieleza juu ya sauti ya maji.

"Aki dada, mimi niliuliza! Huyu mum mliyekuja naye akaniambia nimtie dawa. Nikauliza mtoto mwenyewe, umewahi tiwa dawa? Akasema kila Jumamosi. Kila Jumamosi! Nikashangaa, lakini nikasema pengine watu wa Lavington wana zao."

Nimeligeuza hili jambo kila upande na siwezi kumpa kosa. Aliuliza watu wawili, wote wawili wakasema ndiyo. Shosho naye alitumwa na mimi, na chupa haikuwa kwenye mfuko wake aliokuwa ameushika. Ilikuwa kwenye mfuko niliokuwa nimeupachika begani nikashuka nao chini.

Ngozi haikuungua, Mungu ni mwema. Lakini nywele nyororo kama zile hazingoji. Zilipokauka, kichwa kizima kilikuwa springi zake za kawaida, na kisogoni palining'inia kipande kimenyooka kama majani yaliyonyeshewa.

Msusi akasema kwa sauti ya chini, "Mum, sasa afadhali tumalize yote ifanane. Ikikaa nusu nusu itakatika."

Shosho akafikiri, akaitikia kwa kichwa. "Tumalize tu. Tazama vile amepata shida na hii nywele."

"Hapana, shosho. Mama yake alikataa."

"Mama yake ni mtoto wangu. Mimi nilimtia dawa, akafa?"

Kovu nililionyeshwa mimi, si langu la kulitaja saluni mbele ya watu.

"Nakuuliza. Wewe ndiye mama yake?"

"Hapana, shosho."

"Basi!"

"Lakini niliachiwa," nikasema, wala si kwa ushujaa wowote. Nikamshika mtoto mkono nikamwinua kitini. Shosho akaanza kutafuta koti lake. Ni mwanamke mzuri. Wiki hii yote amekuwa akinifungia mlango wa jikoni upepo usinipige. Lakini leo, kwenye teksi, tulipokaribia nyumbani, alisema hivi: "Ni kisogoni. Mkimfunga nywele haionekani. Itamea."

Nilijaribiwa. Siandiki kwamba sikujaribiwa. Ningemfunga mafundo mawili ya chini, nikae kimya, na kila Jumamosi ni mimi peke yangu ninayekishika kile kichwa. Nilihesabu hata ni miezi mingapi mpaka kimee. Mtoto naye njia nzima alikuwa ameshika kile kipande akikipitisha kati ya vidole, juu chini, juu chini, bila kukwama.

Mama mtoto aliingia saa moja jioni, amechoka, viatu vimelowa. Nilisema kabla hajavivua, kwa sababu nilijua akishakaa nitatafuta pa kuanzia na nitakosa.

"Leo dawa imemgusa mtoto. Ile ya kunyoosha. Kisogoni."

Aliweka begi chini. Akapiga magoti nyuma ya mtoto, akainua nywele, akagusa kile kipande, akakagua ngozi yote inchi kwa inchi akitumia tochi ya simu ingawa stima ilikuwa imesharudi.

"Nani alisema atiwe dawa?"

"Mimi," nikasema. "Nilimaanisha ya chupa, lakini nilisema dawa, nikaondoka na chupa."

"Ni mimi nilimwambia msichana wa saluni," shosho akasema kutoka kwenye kiti. "Na nilitaka wamalize yote. Huyu auntie wako akanikatalia mbele ya watu."

Hakuwa na haja ya kusema hivyo. Sijui alinishtaki au alinitetea. Huenda yote mawili.

Mama mtoto akamgeuza mwanawe. "Na wewe? Hukuona si ile yako?"

Mtoto alitazama vidole vya miguu. "Nilijua. Ilinuka."

"Na hukusema?"

"Nilitaka Jumamosi ikuwe inaisha haraka."

Mimi nilitamani kuingia chini ya meza. Nilikuwa nimejiandaa kubeba kosa la leo, na sasa nikapewa la Jumamosi zote. Hakukosea, mimi pia huwa nataka iishe haraka, na najua anaisikia hiyo haraka kwenye mikono yangu.

Mama mtoto alikwenda jikoni akarudi na makasi. Mtoto akaanza kulia kabla hayajafunguka, akashika kisogo kwa mikono miwili. "Niachie! Hiyo ni ya kuchana rahisi!"

"Itakatikakatika yenyewe, mami, na itakuuma zaidi."

"Niachie tu hadi Jumatatu, niende nayo shule!"

"Kuja hapa," shosho akasema. Akamvuta mtoto katikati ya magoti yake, akakilaza kile kichwa mapajani, akakishikilia. Mama mtoto akainama kukata, na nywele zake mwenyewe zikaanguka upande, kovu likabaki wazi mbele ya macho ya shosho, umbali wa shubiri moja. Shosho aliliona. Alilitazama mpaka makasi yakamaliza. Kisha aliinua mkono akazirudisha zile nywele mahali pake, nyuma ya sikio, kama mtu anayefunika chungu.

Nilibaki nimesimama na ufagio nikingoja neno kuhusu kazi yangu. Halikuja. Nilichoambiwa ni kwamba wakati huu wa baridi tuoshe kila baada ya wiki mbili, na kwamba Jumamosi ijayo yeye atakaa nasi bafuni aone ni wapi hasa mtoto anaumia. Sijui kama hiyo ni kusaidiwa au ni kuchungwa. Ningekuwa yeye, mimi pia ningenichunga. Akaniuliza kama nina jina jingine la ile chupa. Nikasema tuiite mafuta. Mtoto, bado ana kamasi, akasema si mafuta, haimeremeti. Tukaacha hapo, haina jina.

Kwa haya yote hakuna aliyekumbuka kutoa nyama kwenye friji ya barafu. Nilisonga ugali, nikakaanga mayai sita na nyanya, na sukuma kidogo iliyokuwa imebaki ya jana. Mtoto alikula mayai akaacha sukuma. Shosho aliomba aongezwe ugali.