Pini Yenye Kichwa cha Kijani

Mume wangu ni fundi cherehani, na fundi wa kweli, kwa maneno yake mwenyewe, hashoni akiwa amevaa viatu. Anasema kiatu kinamzuia kuisikia pedali. Miaka thelathini ameshona pekupeku katika chumba chetu cha mbele, mimi nikiwa nyuma yake na cherehani ya pili, napinda nguo na kutia vifungo. Pini zikidondoka alizizoa kwa nyayo na kuzisogeza pembeni bila kutazama chini. Wateja walimsifu, na kusifiwa anakupenda.

Kisukari alikipata miaka minane iliyopita. Vidonge anameza. Chai anakunywa bila sukari, kwa uso wa mtu anayeonewa. Lakini miguu alikataa katakata kuihusisha. Kliniki walipomwambia aikague kila siku, aikaushe vizuri katikati ya vidole na asitembee pekupeku, aliniambia njiani kwamba ugonjwa uko kwenye damu, sasa miguu imefanya nini?

Nilipomkumbusha nyumbani alijibu, "Mama watoto, miguu hii nimezaliwa nayo. Niikague ya nini?"

Ukweli ni kwamba kitambi kilikuwa hakimruhusu kuiona. Nikanyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma hadi leo.

Pini zilipoacha kumchoma, alifurahi. Aliwatangazia wateja kwamba nyayo zake zimekomaa. Na mimi, mjinga mwenzake, nikacheka pamoja nao.

Alhamisi moja alitandaza sakafuni kitambaa cheupe cha sare za wauguzi, akawa anakizunguka na chaki yake. Mara akaniita kwa ukali.

"Umejikata wapi wewe? Ona ulivyonichafulia kazi!"

Kweli, kitambaani kulikuwa na vidoa vyekundu. Akanishika mikono, akaikagua kidole kimoja kimoja, kwa umakini ambao miguu yake haijawahi kuupata. Mikono ilikuwa mizima. Ndipo nikamwonyesha kwamba vidoa vinamfuata yeye.

Akakaa, nikauinua mguu wake wa kulia. Katikati ya wayo kulikuwa na kichwa cha pini, cha kijani. Pini za vichwa vya kijani tulizitumia Jumatatu tu, tukazirudisha kwenye kopo lake. Maana yake mume wangu alikanyaga pedali siku tatu nzima akiwa na pini mguuni, akala, akalala, na akalalamika kwamba mboga haina chumvi.

Aliichomoa kama anavyoichomoa kwenye pindo la suruali. "Haiumi hata kidogo," akasema, tena kwa fahari. Nikaangua kilio. Nilifunga duka bila kumuuliza.

Kliniki, muuguzi alikamua usaha, akasema kidonda kimeshaingia ndani na kikipuuzwa mguu unaweza kukatwa.

"Upi?" mume wangu akauliza.

"Huu huu, baba. Wa kulia."

Wa kulia ndio mguu wa pedali. Akatazama ukutani. Muuguzi akachukua kiuzi kigumu cha nailoni, akahamia mguu wa kushoto, ule mzima. Alimwambia afumbe macho na aseme "ndiyo" kila atakapoguswa. Nilimwona akimgusa kidole gumba, kisigino, wayo, sehemu kumi kwa hesabu yangu.

"Haya, anza basi, dada," mume wangu akasema.

"Nimeshamaliza, baba."

Kidonda kilichukua wiki saba kufunga. Sasa anashona akiwa na viatu vilivyofunika vidole, na mishono ya mwezi wa kwanza ilipinda hadi akawa anaifumua kimyakimya. Kila jioni namwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu niliyoyapima kwa kiwiko changu, nakausha, naitazama juu na chini. Mwanzoni aliongea mfululizo kuhusu kola za mashati ili asione aibu. Kisha siku moja akauliza, "Na siku usipokuwepo?"

Swali hilo sikulipenda. Kesho yake nililaza sakafuni kioo kidogo cha wateja, nikamfundisha kuuinua mguu juu yake na kuusoma wayo. Alikilaani kitambi chake kwa majina ambayo sitayarudia hapa.

Juzi asubuhi alipiga kelele. Nilikimbia na pasi mkononi, roho juu. Nilimkuta ameketi, mguu juu ya kioo, uso umejaa tabasamu.

"Mama watoto, njoo uone! Lengelenge! Nimeliona mwenyewe!"

Lilikuwa kwenye kisigino, dogo kama punje ya mtama, kazi ya kiatu kipya. Hatukufungua duka. Tulikwenda kliniki polepole, na kila jirani tuliyekutana naye alisimamishwa akaelezwa habari za lile lengelenge, na nani aliyeliona. Nami nilisimama pembeni kila mara, nikamwacha asimulie mpaka amalize.