Mbwa-mwitu Wangu wa Haltom City

Baba yangu, kule kwetu Fizi, alitengeneza mlango wa bati kwa nyumba isiyokuwa na kitu ndani. Bati lenyewe lilitoka kwenye pipa la mafuta, akaligonga wiki nzima, akatia na kufuli. Watu walicheka. Walisema mwizi akiingia humo atatoka na huruma. Baba hakujali. Alikuwa anazungusha ufunguo polepole, watu wamwone, mpaka mama anageuza uso. Mama naye alikuwa na meno mazuri sana, lakini hiyo ni habari nyingine.

Nasema hivi kwa sababu mimi pia, nilipopanga nyumba huku ughaibuni, Haltom City, ndani makochi mawili ya kuokota na televisheni, kitu cha kwanza nilichotaka ni mbwa wa ulinzi. Si mbwa hivi hivi. Kaka wa mke wangu, anayekaa Alief, mtaa wa Houston, alinipeleka kwa mtu mmoja nje ya Houston anayeuza machotara: mama mbwa, baba mbwa-mwitu. Binti yangu akatafsiri masharti. Uzio upite kimo cha mtu mrefu, na waya uzikwe chini, maana anachimba. Nyama mbichi. Asifungwe mnyororo, asipigwe, asiachwe peke yake kutwa. Na si mlinzi, yule mtu alisema, huyu anaogopa watu.

Nikamnunua, na shemeji akacheka njia nzima ya kurudi. "Mbwa-mwitu anayeogopa watu? Umeuziwa kijibwa, shemeji."

Kile kicheko kilinichoma. Bon, nikamfunga mnyororo kwenye nguzo, kama tulivyofunga mbwa wetu nyumbani. Nikampa bugali na mabaki ya sombe, majani ya muhogo, akaharisha mpaka mbavu zikahesabika. Alichimba hadi kucha zikatoka damu. Nikienda zamu ya ghala, analia kutwa, na majirani wanalalamika. Nikirudi nampiga kwa mpira wa maji, ili awe mkali. Hakuwa mkali. Akisikia tu mpira unaburuzika, anakojoa palepale. Na mimi kanisani nasimulia kwamba nafuga mbwa-mwitu, mtaa mzima unatetemeka. Miaka miwili nilisema hivyo.

Halafu shemeji akaja kututembelea. Akachuchumaa mbele ya mnyama, akamvuta sikio, eti alie tusikie. Mnyororo ulikuwa umefika mwisho, hakuwa na pa kurudi nyuma. Mnyama akamuuma mkono mara moja, akaachia.

Hospitali alikotibiwa shemeji ikatoa habari kwa jiji. Kesho yake akaja mwanamke wa jiji, wa mambo ya wanyama, mtu mpole. Binti akanieleza yote. Kama ni mbwa, chanjo yake ya kichaa cha mbwa inahesabika: wanamweka siku kumi wamtazame, wanamrudisha. Kama ana damu ya mbwa-mwitu, chanjo haihesabiki: wanamuua, kichwa kinakwenda kupimwa.

"Papa, sema ni mbwa," binti akaninong'oneza. "Huyu mama anakusaidia. Ameuliza mara mbili."

Shemeji alikuwa kwenye kochi, mkono umefungwa bendeji, anatabasamu. "Sema tu ni kijibwa, shemeji. Hapa sisi wote tunajua."

Nilimtazama yeye, si yule mwanamke.

"Mbwa-mwitu," nikasema. "Baba yake ni mbwa-mwitu halisi."

Binti hakutafsiri. Nikalisema mwenyewe kwa Kiingereza. Neno hilo nalijua vizuri.

Wakamchukua, wakaniruhusu kumwona kwao asubuhi iliyofuata. Alikuwa nyuma ya waya, bila mnyororo, shingo ina upara pale ulipomkaa. Aliponiona akajikojolea, halafu akaja akitambaa kwa tumbo, taratibu, akasukuma pua kwenye waya upande wangu. Mfanyakazi wa pale akauliza kama nataka kubaki naye mpaka iishe. Wengine hubaki, alisema, mnyama anatulia akisikia sauti ya mwenyewe.

Nikamwambia nafuata simu garini, narudi sasa hivi. Nikatembea mpaka kwenye gari, simu iko mfukoni. Nikawasha, nikaondoka, na pale sikurudi tena.