Darasa Lililobebwa kwa Lori

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi nilikuwa mfanyakazi wa ndani katika mji mmoja wa Kiarabu, mtaa wa The Pearl, kwa familia ya Waaustralia. Msimu mmoja wa baridi mama yake bosi alikuja kukaa nao. Alikuwa mwalimu mstaafu, na mimi nilimwita Mwalimu. Wenzake wakienda madukani Al Sadd, yeye alibaki na meza ya kulia iliyojaa picha kuukuu. Alikuwa akiandika historia ya sekondari ya serikali aliyofundisha, huko kwao shamba, kwenye ngano na kondoo.

Kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi tu. Lakini utafutaje vumbi kwenye picha usizitazame?

"Hawa watoto walitoka mbali?" nilimuuliza siku moja.

"Wengine saa nzima na nusu kwa basi. Kabla ya shule hii, ukimaliza msingi unabaki na kondoo, labda wazazi wawe na uwezo wa kukupeleka bweni mjini."

Nikacheka. Nilidhani mambo hayo ni ya kwetu Muheza tu.

Akaniambia alipokwama: shule ilianza na darasa moja la mbao, ila hakuna karatasi iliyosema lilijengwa na nani.

Tangu hapo, nikimaliza jikoni nilikwenda mezani. Baba yangu alikuwa seremala, kwa hiyo macho yangu huanza na milango na madirisha, ndipo nyuso za watu. Wiki ya pili nikakuta picha ya ukumbi wa wachimba madini, katika kijiji kilichokwisha kuhamwa. Dirisha la tatu lilikuwa fupi, limezibwa chini kwa mbao mbili. Nikaitafuta picha ya lile darasa. Dirisha la tatu, fupi, mbao mbili.

"Mwalimu, hili ni jengo moja."

"Haiwezekani. Ni mwendo wa nusu siku kutoka kijiji hicho."

"Basi lilibebwa."

Akavaa miwani, akavua, akavaa tena. Kisha akampigia simu bibi mmoja aliyesoma pale mwaka shule ilipofunguliwa, akaweka sauti ya juu nami nisikie.

Yule bibi alicheka hadi akakohoa. "Ndiyo, lilibebwa! Wazazi walilikata vipande viwili, wakavipakia kwenye malori ya ngano. Lori moja aliliendesha baba, nami nimekaa pembeni yake."

"Miaka yote hii hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Mwalimu alinikumbatia na kitambaa changu cha vumbi mkononi.

Jibu la yule bibi halikunitoka. Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nilikuwa mtaa wa Muaither, kwa dada yangu. Nikampigia mama simu nyumbani, nikamwuliza shule yetu ya sekondari ilianzaje.

"Una nini leo, mwanangu?" akashangaa. "Matofali ya chumba cha kwanza cha darasa tuliyafyatua sisi wanawake, nami nina mimba yako. Mvua ikayayeyusha, tukaanza upya."

Nilikuwa nimekaa miaka minne ndani ya kuta zile bila kulijua hilo. Niliporudi likizo nilikwenda na daftari, nikawatafuta wale wanawake. Niliwakuta saba, na kila mmoja alikuwa na lake la kusema.