Nailoni za Tableti

Mwalimu wa hesabu alitokwa na jasho hata kabla wafadhili hawajakaa. Tableti walizoleta zilikuwa zimefungiwa kabatini mwaka mzima na nailoni zake, kama vyombo vya wageni, eti watoto watazivunja! Ndivyo alivyoshikilia mwalimu mkuu, mwenye ufunguo. Lakini mwalimu wa hesabu alikuwa amechongesha ufunguo wa pili kwa siri. Mkuu akienda mkutanoni tu, darasa lilibandua nailoni, likasoma, kisha likazibandika tena.

"Wanafunzi wangu wamezizoea sana," mkuu akawaambia wafadhili kwa macho makavu, akagawa tableti.

Nailoni zikabanduliwa. Vidole vikakimbia, pembetatu zikazunguka kwenye vioo, wafadhili wakapiga makofi. Mkuu akaduwaa, kisha akamgeukia mwalimu polepole. Mwalimu, roho mkononi, akaikodolea macho dari.

"Haya, rudisheni," mkuu akasema.

Binti wa dawati la mbele akachukua nailoni yake, akaanza kuilaza juu ya kioo, akiinyoosha kwa kiganja, mara akasita. Wafadhili wote wakimsikia, akauliza:

"Mwalimu, na leo tubandike? Si mkuu ameshaona?"