Jina Langu Likisafishwa, Paulo Anabaki Bila Baba

Admin, nifichie jina langu na la kanisa. Hawa nitakaowataja nimewabadilisha majina.

Mimi ni mchungaji mstaafu wa Anglikana, nina miaka sabini na moja, naishi Mkolani hapa Mwanza na mke wangu. Ukurasa huu huwa nausoma kimya kimya. Sikudhani na mimi ningewaandikia, lakini siku hizi nikikaa nasimama, nikisimama sina pa kwenda.

Miaka ya tisini, viwanda vya minofu ya samaki vikifunguliwa na magazeti ya watu binafsi yakichipuka kila kona, nilikuwa na kanisa kubwa mjini. Kwenye kwaya alikuwepo dada mmoja wa miaka ishirini na kitu, nitamwita Tabitha. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, mkali kama pilipili. Tabitha akapata mimba. Baba yake alipombana amtaje mhusika, akanitaja mimi.

Wazee wakaniweka kati baada ya ibada, Tabitha akaletwa. Nikamuuliza, "Binti yangu, nitazame. Ni mimi?" Hakunitazama. Akaitikia kwa kichwa. Nje mama mmoja akapiga yowe, ungedhani pana msiba.

Haikupita wiki, gazeti likaandika. Stendi ya Buzuruga muuzaji anapaza sauti, "Mchungaji na mwanakwaya! Jisomee mwenyewe!" nami nimesimama palepale na kola shingoni, nasubiri basi. Nikaenda ofisi ya gazeti. Mhariri akanikaribisha kiti vizuri tu. "Mchungaji, na wewe kanusha, tutaandika. Itauzika sana." Nikakanusha. Nikakanusha kwa wazee, kwa askofu, nikapita nyumba kwa nyumba mpaka watu wakiniona kwa mbali wanafunga milango. Kadiri nilivyojitetea ndivyo walivyosema, mbona anahangaika hivyo kama hana kosa? Vipimo vya vinasaba hatukuvijua. Nikahamishiwa kijijini, ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema. Tulipopanda kivuko, wanawake waliokuwa wakiimba na mke wangu waligeuza nyuso. Yeye alisema tu, "Mungu anajua. Lakini ningependa na hawa wajue."

Nilipostaafu tukarudi Mkolani. Siku moja akaja kijana mrefu, fundi magari, na mchumba wake. "Shikamoo Baba." Nikaitikia marahaba kama ninavyoitikia kila mtu. Akasema, "Mimi ni Paulo, wa Tabitha. Sikuja kudai kitu. Nilitaka mwenzangu akuone." Nikamwambia waziwazi, mke wangu akisikia, "Mwanangu, mimi si baba yako." Akatabasamu kwa upole. "Naelewa, Baba. Kazi yako haikuruhusu."

Nimemwambia tena na tena, haamini, wala hakuacha kuja. Nilipofanyiwa upasuaji, wanangu wa kuzaa wakiwa mbali, Paulo ndiye aliyenibeba mgongoni kutoka kwenye gari mpaka kitandani. Mtoto wake wa kwanza kampa jina langu. Mke wangu alimkwepa muda mrefu, ila siku hizi asipoonekana Jumamosi yeye ndiye anayeuliza, "Paulo vipi, anaumwa?"

Mwezi uliopita akaja Tabitha mwenyewe. Akapiga magoti sebuleni, analia. Baba yake amefariki, hana tena wa kumwogopa. Akasema aliyempa mimba alikuwa dereva wa gari la barafu, alikuja kubeba samaki mwaloni, mitumbwi inaposhusha, akaondoka asirudi tena. Hata ukoo wa huyo dereva Tabitha haujui. Sasa anataka kusimama kanisani aseme kweli.

Mke wangu akamwambia, "Inuka. Mume wangu ulimsema mbele ya watu, basi na hili ukaliseme mbele ya watu." Tabitha akakubali. Amepewa nafasi Jumapili hii.

Ndugu zangu, siku hiyo nimeiomba tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Imekuja, naikimbia. Nilimwambia mke wangu labda tuliache. Akanigeukia, "Na mimi? Mimi niliyeitwa mke wa mzinzi, nani atanisafisha?" Ana haki.

Jana mchana Paulo akaja, bado ana grisi mikononi. Hakukaa. "Baba, mama kaniambia mambo ya Jumapili. Siku zote nilidhani unaogopa kanisa. Kumbe ulikuwa unasema kweli?"

Nikasema, "Ndiyo, mwanangu."

Akatazama ukuta. "Basi usiniite mwanangu," akasema. Akatoka. Mke wangu alimkimbilia mpaka barabarani bila viatu akimwita, hakugeuka. Aliporudi aliketi jikoni, akaniambia, "Sijui tena ninachokitaka." Simu ya Paulo inaita tu, haipokelewi.

Paulo amekwishajua, lakini mtaa mzima bado. Tabitha akinyamaza, mke wangu atazikwa na aibu isiyo yake. Akisema, Paulo atatembea mjini akinyooshewa kidole, mtu asiye na ukoo, na mtoto wake anaitwa jina langu. Jumapili ni kesho kutwa. Ninyi mnaosoma, na hasa wewe uliyelelewa na mtu asiyekuzaa, nipeni neno. Nimzuie Tabitha au nimwache? Na huyu Paulo, nimwambie nini ili arudi kula kwangu?