Stelingi Aliyebadilika Sura

Mwanangu, katika Jumapili zote nilizoishi, ninayoikumbuka zaidi ni ile ya mvua ya mawe pale Kiptere, siku ambayo mtu niliyemngoja miaka mitatu alifika nami nikamkataa. Keti nikueleze. Najua una haraka, maana nakuona unavyoifungua simu kila baada ya dakika mbili kutazama kama ile sinema yako mpya ya jasusi imetoka. Sikucheki. Ugonjwa huo niliuugua kabla yako, tena bila simu.

Miaka hiyo ya tisini sinema ililetwa kwetu na Mzee Ondieki, mfanyabiashara kutoka upande wa Chepilat. Alikuja na televisheni, deki ya video na jenereta ndogo, akakodi chumba cha mabati nyuma ya hoteli moja. Watu walitoka kanisani, wakapita nyumbani kula, kisha wakajazana humo kwenye mabenchi. Ondieki alisimama kando ya televisheni akitutafsiria kwa Kiswahili, na mahali ambapo Kiingereza kilimshinda alitunga yake. Tulimwamini yote.

Baba yangu hakuwa mtu wa starehe. Alikuwa na ekari mbili za chai, ng'ombe wanne na maneno machache. Lakini sinema za yule jasusi wa suti zilikuwa zimemteka. Unazijua za namna hiyo: mtu mmoja anatumwa na serikali yake kuzuia waovu wasiharibu dunia, anaanguka kutoka kwenye ndege na suti haichafuki, anapigwa risasi na watu hamsini na hapati hata mkwaruzo. Stelingi hafi, ndivyo tulivyokuwa tukisema sote mle ndani, maana shujaa wa sinema tulimwita stelingi. Baba alivaa koti lake kubwa la kijivu, akaketi benchi la mbele, akanivuta niketi kando yake, na jasusi akiponyoka alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa koti.

Siku ya mwisho tulipoenda pamoja, Ondieki alitangaza kwamba kuna nyingine itakuja, lakini lini hajui. Baba akaniambia tukiwa njiani, ikija tutaenda wote.

Mwaka uliofuata aliugua kifua. Alilazwa Kericho wiki tatu, akafariki. Stelingi hafi, mwanangu, lakini baba yangu alikufa, na mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Sasa sitakuficha jambo la aibu. Nilianza kuingoja ile sinema kama kwamba baba ndiye atakayekuja nayo. Kila Jumapili nilimuuliza Ondieki, na kila Jumapili alitikisa kichwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Langu liliuma miaka mitatu.

Katika miaka hiyo, ndugu mdogo wa baba, jina lake Kiplangat, alikuwa anavuka kijito kila asubuhi kuja kwetu. Wazee walikuwa wamemwambia asimamie boma, naye akasimamia. Alikata chai iliyozidi urefu, akapeleka ng'ombe kwenye dawa, akaketi kwenye kigoda cha baba kunywa chai. Mama akampa lile koti la kijivu, kwa sababu baridi ya kwetu haina huruma na koti halifai kuliwa na panya. Mimi nilipomwona nalo mara ya kwanza, akitokea kwenye ukungu kati ya michai, moyo uliruka. Alipokaribia, ukaanguka. Tangu siku hiyo nilimkasirikia kwa kosa la kutokuwa mtu mwingine.

Ujue kwamba kwetu ndugu ya baba ni baba. Huitwi mkorofi kwa kumwita hivyo, unaitwa mkorofi kwa kukataa. Mimi nikajificha nyuma ya Kiingereza cha shule. Nilimwita anko. Ni neno la heshima, hakuna aliyeweza kunikemea, lakini mimi na yeye tulijua kwamba ni ua nililojenga katikati yetu. Hakulalamika. Aliitika anko kama angeitika jina lolote.

Basi Jumapili hiyo Ondieki akafika na kaseti. Habari ilinikuta kanisani, na nakuambia sikusikia mahubiri tena. Nilikimbia na rafiki yangu Kibet ili tuwahi benchi la mbele, tukakuta limejaa. Na pale mbele kabisa, ndani ya koti la kijivu, aliketi baba mdogo Kiplangat. Alikuwa ameweka mkono kando yake kushika nafasi, akageuka, akaniona, akaipigapiga ile nafasi. Nikajifanya sikuona. Niliona tu kwamba amenifuata hata huku, mahali pa pekee palipokuwa pangu na baba. Nikaketi nyuma na Kibet.

Sinema ikaanza, na mvua ikaanza. Si mvua tu, ni mawe, yale ya kwetu yanayopasua majani ya chai na kuacha shamba kama limepitiwa na mbuzi. Juu ya mabati yalipiga kelele hata usijisikie ukifikiri. Kwenye televisheni mtu anakimbia, anaruka, anapigana, lakini sura hatuioni vizuri. Kisha anageuka. Chumba kizima kikashtuka. Suti ni ile ile, bastola ni ile ile, kutembea ni kwa maringo yale yale. Mtu ni mwingine.

Sasa hapo ndipo tulipopotea. Mmoja alisema huyo ni adui amevaa nguo za jasusi, tungoje jasusi mwenyewe aje amshike. Mwingine akasema ni mdogo wake. Mama mmoja akasema amepasuliwa uso hospitalini ili waovu wasimjue, na wengi tukaipenda hiyo. Ondieki alipiga kelele kutueleza, mdomo unafunguka na kufumbika, lakini mawe yalimeza kila neno. Tukangoja stelingi wetu atokee. Nusu saa ikapita. Yule mgeni akaitwa kwa jina la jasusi, akapewa kazi ya jasusi, akaketi kwenye gari la jasusi, na watu wa ofisini kwake wakazungumza naye kama kwamba hakuna kilichotokea. Hilo ndilo lililonichoma. Hakuna hata mmoja aliyeuliza yule wa kwanza alikwenda wapi.

Kibet akaniinamia, akapiga kelele sikioni, huyu ni nani sasa? Nami nikajaza kifua hewa ili nishinde yale mawe, nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote:

"Ni kama anko wangu huyo mbele! Koti ni la baba, lakini mtu si baba, na hatakuwa!"

Mwanangu, mvua ya mawe huisha ghafla. Ilikatika wakati ule ule. Maneno yangu yalitoka yote katika chumba kilichonyamaza, kila mtu akayasikia hadi la mwisho. Ulimi hauna mfupa, lakini siku hiyo wangu uliwavunja watu mifupa.

Baba mdogo hakugeuka upesi. Alikaa kidogo akitazama televisheni. Kisha akasimama, akavua lile koti, akalikunja kama mtu anavyokunja kitu cha kanisani, akaja hadi nilipokuwa na kuliweka magotini mwangu. Akatoka na shati tu. Nje barabara ilikuwa nyeupe kwa mawe.

Sikuona sinema iliyobaki. Macho yalikuwa pale, lakini sikuona. Nilikwenda nyumbani nimelibeba koti mikononi, kwa sababu kulivaa nilishindwa. Nilimpita mama, nikaenda kwa nyanya yangu, mama yake baba, ambaye sisi tunamwita kogo. Alikuwa ameketi kando ya moto akichambua maharagwe. Akalitazama koti, akaniuliza mwenye koti yuko wapi. Nikamweleza. Nilianza na jasusi, kwa sababu hilo lilikuwa rahisi zaidi, nikamwambia nimengoja miaka yote hiyo, halafu wakaniletea mtu mwingine na kila mtu anajifanya ni yule yule. Nikamweleza na la koti, kwa sauti ndogo.

Kogo alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kitu kimoja tu, kama yule mtu mpya anafanya kazi ya yule wa zamani. Nikasema anaifanya. Akarudi kwenye maharagwe yake, nikadhani yameisha. Kisha akasema, na haya nakupa kama alivyonipa:

"Mwezi uliozaliwa wewe, nilikuwa nimetoka kumzika mzee wangu. Wanawake wakakuzunguka, wakataja majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, ili wajue nani amerudi. Walipotaja la mzee wangu, ukapiga chafya, na chafya ndiyo ishara. Kitoto chekundu, hakina hata jino, naambiwa hilo ni jina la mume wangu, nikuite nalo. Unadhani nilielewa? Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Kisha nikarudi nikakubeba, kwa sababu ulikuwa unalia na wewe."

Akatupa harage bovu motoni, akaendelea.

"Kiplangat alikuwa kijana kama wewe sasa. Amefiwa na baba yake, bado anamlilia. Tukakuweka mikononi mwake, tukamwambia, baba yako ndiye huyu. Alikutazama sana. Alitafuta uso wa baba yake, hakuuona. Lakini alikuita baba. Alikuita baba mpaka ulipoenda shule. Na wewe leo umemvua koti mbele ya watu."

Nilimuuliza kogo kama kweli mimi ndimi yule mzee. Akasema yeye hajui, mpaka siku hiyo alikuwa hajui, lakini kunibeba alinibeba.

Jioni nilivuka kijito na koti. Baba mdogo alikuwa anakamua. Nilitaka kuomba msamaha, nikakuta maneno yote niliyoyapanga njiani yamekimbia. Nikalitundika koti kwenye ua, nikasema, anko, koti lako hili. Yeye akasema asante. Ndivyo ilivyokwisha, au ndivyo haikuisha. Aliendelea kuja kila asubuhi, lakini alikuja amejifunika gunia la mbolea mabegani, mvua na jua, na koti nililiona limebaki kwenye msumari ndani ya nyumba yake. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilimwona na lile gunia miaka miwili, na kila nilipoliona nilisikia sauti yangu ikitoka tena mle chumbani.

Halafu Jumapili moja, baada ya chakula, akatokea mlangoni kwetu. Alikuwa amevaa koti. Alisimama kama mtu aliyekuja kuomba kitu, akasema amesikia ile sinema yangu imekuja nyingine, na kama sina kazi twende.

Tulitembea mpaka tulipopita kituo cha kununulia majani ya chai. Nikamwambia ukweli, kwamba sikujua kama anapenda sinema. Akacheka kidogo, kicheko cha baba, mwanangu, kile kile, na mimi nilikuwa sijawahi kukisikia kwake kwa sababu sikuwahi kumpa sababu ya kucheka.

"Mimi hiyo kitu sielewagi hata kidogo," akasema. "Huyo mtu anakimbizwa na nani, sijui. Lakini baba yako akiwa hospitali aliniachia mambo matatu. Ng'ombe, majani, na wewe. Akasema, ile sinema ikikuja, mpeleke kijana. Nikamuuliza, sinema gani? Akaniambia, wewe nenda tu, kijana anajua."

Nikasimama. Nadhani nilisimama. Ile nafasi aliyokuwa ameipigapiga kwa mkono kwenye benchi la mbele, miaka miwili iliyopita, baba ndiye aliyekuwa akinipa. Nilikuwa nimeingoja miaka yote, ikafika siku yake, nikaketi nyuma. Yeye alikuwa ametangulia mbele kidogo, na mvua ya usiku ilikuwa imeacha dimbwi kubwa katikati ya njia, naye hakuliona.

"Baba," nikamwambia, "kuna tope hapo. Pita huku."

Akapita huku. Tulipofika aliketi mbele, nikaketi kando yake, na yule jasusi mwenye sura mpya akatokea, na hakuna mtu chumbani aliyeuliza yeye ni nani. Baba mdogo alilala kabla ya katikati.

Basi, mwanangu, nasaha zangu ni hizi, na uzichukue ukijua kwamba anayezitoa hana uhakika na kila kitu. Siku moja utamngoja mtu, na atakayekuja atakuwa na sura nyingine. Utachanganyikiwa. Kuchanganyikiwa si kosa, hata kogo alichanganyikiwa na alikuwa mtu mzima. Kosa ni kupaza sauti ukiwa bado hujaelewa, maana hujui mvua itakatika saa ngapi. Kuuliza si ujinga. Mimi ningemuuliza yule mtu wa koti swali moja tu, umefuata nini hapa, ningejiokoa miaka miwili na yeye ningemwokoa na gunia. Anayekaa mahali pa aliyeondoka mara nyingi hakupaomba. Ametumwa, na pengine aliyemtuma ndiye huyo huyo unayemlilia. Usimpime kwa uso. Tazama kama anaifanya kazi, na kama amekuwekea nafasi, nenda ukaketi.

Kuhusu wale majasusi wawili, usiniulize kama ni mtu mmoja au ni wawili. Ondieki alinieleza mara nyingi kabla hajaacha kazi ile, na kila mara alieleza tofauti.

Njoo karibu sasa, nikutemee mate ya baraka kifuani kama kogo alivyonifanyia, usione kinyaa. Ng'ombe wako wasikauke, majani yako yasipigwe na mawe. Unaowangoja wafike, kwa sura yoyote watakayokuja nayo, na Mungu akupe macho ya kuwajua wangali mlangoni. Haya, washa hiyo simu yako utazame kama imetoka. Ikitoka uniambie, twende wote.