Sauti Iliyougawa Ukumbi

Iko Jumapili moja, Mwanangu, ambayo hata nikisahau jina la jirani yangu, na siku hizi nalisahau, yenyewe hainitoki kichwani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Siku za kazi nilikuwa fundi katika karakana moja mjini Kisumu, na mwisho wa wiki, alasiri, nilipiga gitaa la umeme katika bendi yetu ya vijana wanne. Tulijiita Radi ya Ziwa. Usicheke. Miaka ya sabini ndiyo kwanza ilikuwa imeingia, na sisi tulikuwa tumesikiliza santuri za roki kutoka ng'ambo mpaka zikaanza kukwaruza, kisha tukazichanganya na mapigo tuliyokulia nyumbani.

Mwimbaji wetu aliitwa Oluoch, mtu wa Asembo Bay. Tulipanga chumba kimoja na kupikia jiko moja. Alikuwa mpole ukizungumza naye, lakini akishika kipaza sauti, nikueleze vipi? Ilikuwa kama mtu anayeita mtumbwi uliokwisha fika mbali. Sauti ilikwaruza, ikapanda, halafu ikavunjika palepale ambapo wimbo ulitaka ilainike, naye hakuona haya kuvunjika huko.

Akianza tu, ukumbi uligawanyika. Nusu walisogea mbele, nusu wakachukua soda zao wakatoka nje. Wa katikati hawakuwapo. Nimeona mume na mke wakiachana mlangoni hivyo, mmoja ndani, mwingine uani, wakaonana tena wakati wa kurudi nyumbani. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba Oluoch anaimba kama mbuzi aliyenaswa kwenye seng'enge. Wiki hiyohiyo mama mmoja muuza nguo akaniambia kwamba sauti ile humkumbusha kaka yake marehemu, na kwamba akitoka pale moyo wake huwa mwepesi. Kila mwamba ngoma huvutia kwake.

Mwanzoni nilijivunia ugomvi huo. Baadaye nikaanza kuwatazama wanaotoka tu. Binadamu ndivyo alivyo, Mwanangu: watu mia wakikaa na kumi wakaondoka, macho yake huwafuata wale kumi. Basi siku moja meneja wa hoteli fulani akaniita pembeni, akasema angependa tupige kwake kila Jumapili, ila tutafute kijana mwenye sauti ya kupendeza. Maneno hayo yalinikuta nimekwisha iva.

Nilimjua Zakaria, mwimbaji wa kwaya, sauti yake laini kama uji wa mgonjwa. Nikazungumza naye, nikazungumza na wenzangu wawili, mpiga ngoma na mpiga besi, wakakubali shingo upande. Na Oluoch? Oluoch sikumwambia lolote. Tulikuwa tumealikwa Luanda Kotieno, kwenye harambee ya kujenga madarasa, siku ya Jumamosi. Oluoch alikuwa anakwenda nyumbani kwanza kumsaidia mama yake kupanda mahindi, na alipokuwa akifunga mzigo wake akaniuliza tungekutana huko siku gani. Nikamwambia, "Jumapili." Neno moja tu, nikaendelea kukoroga sukuma wiki jikoni.

Harambee ilikwenda vizuri. Zakaria aliimba sawasawa, watu wakacheza, hakuna aliyeondoka. Wenzangu wakarudi Kisumu na vyombo jioni ileile, mimi nikabaki kwa shangazi yangu, dada ya baba, ambaye sisi twamwita Waya. Alikuwa ameolewa hapo Luanda Kotieno na kazi yake ilikuwa kukausha omena, wale dagaa wa ziwani. Nililala kama mtu aliyetua mzigo.

Kesho yake, baada ya kanisa, nilikuwa ndani ninakunywa chai nilipoona kupitia dirishani watu wawili wakiingia boma la Waya. Mmoja alikuwa Oluoch, aliyepajua kwa Waya, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inaonekana kwa mbali. Wa pili alikuwa mama mzee mwenye gauni la kanisani, ameshika viatu mkononi, kwa maana njia ilikuwa ndefu. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Oluoch alikuwa amenisimulia mara nyingi kwamba mama yake hajawahi kumsikia akiimba na vyombo.

Nikarudi nyuma ya pazia. Ndiyo, Mwanangu, mwanamume mzima, nikajificha.

Waya aliwapa viti na maji, kisha akawaambia kwamba bendi ilipiga jana. Ndipo nikamsikia Oluoch akijibu, bila hasira, kama mtu anayetafuta alipoangusha kitu. Alisema jirani yao alikuwa amemwambia harambee ni Jumamosi, naye akambishia jirani huyo, kwamba Ogutu amesema Jumapili, na Ogutu hawezi kumkosesha siku.

Ogutu ni mimi.

Waya akaingia ndani kuchukua maji mengine. Akanikuta nimesimama na kikombe. Ujue kwamba yeye alikuwa wa kwanza miongoni mwa wasioipenda sauti ile. Kila alipokuja Kisumu na kutusikia alitoka ukumbini kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Kwa hiyo nilidhani nina mtu wa kunielewa. Nikamnong'oneza kwamba hata yeye hampendi Oluoch akiimba.

Akaweka jagi chini. "Mimi hiyo sauti sipendi, nyathina, mtoto wangu," akasema. "Lakini nikitoka, natoka na miguu yangu. Wewe nani alikutuma umfunge mtu mdomo kwa ajili yangu?"

Akachukua kikombe mkononi mwangu.

"Kama hutaki aimbe na wewe, una mdomo. Mwambie. Atalia, atakasirika, atajua. Lakini huyu umemtembeza na mama yake juani kwa sababu aliamini neno lako. Sasa toka nje. Mimi siwezi kuwadanganya, na siwezi kukusemea."

Kutoka kwenye lile pazia hadi kwenye viti vile ni hatua kumi, labda kumi na mbili. Sijawahi kutembea safari ndefu kuliko hiyo. Nikamsalimia mama kwanza, halafu nikasimama mbele ya Oluoch nikasema yote: meneja, Zakaria, harambee, na ile Jumapili niliyoitunga nikikoroga mboga. Sikutafuta maneno mazuri, nayo hayakuja.

Oluoch alitazama mikono yake. Kisha akasema, "Omera, ndugu yangu, ungeniambia sauti yangu imekuchosha, ningeumia na ningekuelewa. Wengi wananiambia. Lakini sasa kila ukiniambia leo ni Jumatatu, itabidi niulize mtu mwingine."

Mama yake akanitazama, wala si kwa uchungu, akaniuliza swali moja, "Sasa mimi nitamsikia lini?"

Nililia, Mwanangu. Waya akajifanya anageuza omena.

Usidhani mambo yalitengenea siku hiyo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini njia ya kurudi kutoka kwenye uongo ni ndefu. Oluoch alihama chumba chetu, na kwa miezi minne hakuimba nasi. Nilimweleza meneja wa hoteli kwamba mwimbaji wetu ni yule wa kukwaruza. Akachukua bendi nyingine, na hiyo ilikuwa haki yake. Zakaria alirudi kwenye kwaya kwa furaha, maana roki yenyewe, aliniambia baadaye, ilikuwa inamuumiza masikio. Jino la pembe si dawa ya pengo.

Mahindi yalipovunwa nikaenda Asembo Bay peke yangu, nikamwomba Oluoch ruhusa ya kuleta vyombo nyumbani kwao. Alifikiri siku tatu, akakubali. Tukapiga uani mwa mama yake alasiri moja, jenereta ikinguruma nyuma ya nyumba. Alipofungua kinywa, watu wakagawanyika kama kawaida. Waya, aliyekuja kwa miguu yake, akaenda kwa miguu yake kusimama mbali karibu na ghala. Mama alikaa mbele, mikono magotini, mpaka wimbo wa mwisho. Nilipomuuliza ameonaje, akacheka mpaka akashika mbavu, akasema huyu anaimba kama baba yake alivyokuwa akiita ng'ombe. Sijui hata leo kama ilikuwa sifa. Lakini Oluoch alikuwa amesimama hapo akifuta jasho, na uso wake nimeuhifadhi.

Radi ya Ziwa ilidumu miaka sita zaidi. Hatukuwa mashuhuri, wala sijutii. Sasa sote wawili tuna mvi, na Oluoch hunitembelea. Akianza kuimba sebuleni, mke wangu hukumbuka kazi jikoni, na mjukuu wangu mmoja husogeza kiti karibu. Mimi nakaa hapo nikisikiliza, na nafsi yangu imetulia.

Basi nisikilize. Si lazima upende kila sauti, na asikudanganye mtu kwamba ni lazima. Jambo lisipokupendeza una miguu. Ondoka kwa adabu. Ukitaka kuachana na mwenzako kazini, mwambie usoni, mchana, kwa maneno yako mwenyewe, hata ulimi ukiwa mzito. Lakini usimpokonye mtu siku yake kwa hila, wala usiseme ulifanya hivyo kwa ajili ya wengine. Na ukikosea, usingoje kufukuzwa kutoka nyuma ya pazia, toka mwenyewe.

Mungu akujalie rafiki atakayekuamini kuliko jirani yake, na akupe moyo wa kustahili imani hiyo. Akupe kinywa kisicho na kona, na uzee wenye wageni sebuleni. Nenda salama, Mwanangu.